NILIMCHELEWESHA BINTI YULE MIAKA MIWILI



Leo sina mahubiri. Nina jambo la kuungama, na mhusika mwenyewe ameniruhusu niliandike bila jina lake.

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya ibada ya Jumapili, binti mmoja wa kanisa letu alinisubiri nje ya ofisi. Alikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, akisoma Historia na Fasihi. Aliomba Sheria akakosa, KUCCPS ikampeleka kwenye chaguo lake la mwisho. Akaniambia, "Pasta, nataka kuhamia Takwimu. Hesabu nilipata A-. Maombi ya uhamisho yanafungwa Ijumaa. Unanishauri nini?"

Nilimjibu haraka mno. Nikamkumbusha mke wa Lutu na yale yaliyompata alipogeuka nyuma. Nikamwambia Mungu hakukosea kumweka pale alipo, avumilie. Nikamwekea mikono, nikaomba. Ijumaa ikapita.

Sasa mpendwa, sikia yale ambayo sikumwambia. Takwimu ilikuwa ikifundishwa kampasi nyingine, mji mwingine. Huyu binti ndiye aliyeongoza kwaya ya vijana. Ndiye aliyefundisha watoto shule ya Jumapili. Ndiye aliyemsaidia mweka hazina kuhesabu sadaka. Nilijua akihama, nitampoteza. Kwa hiyo nikachukua hofu yangu, nikaivika nguo za Biblia, nikampa mtoto wa watu aondoke nayo. Na yeye akatii. Hilo ndilo huniuma mpaka leo.

Akiwa mwaka wa pili, mweka hazina alinijia na daftari. Kumbe binti yule alikuwa akiandika idadi ya waliohudhuria kila Jumapili, mwaka mzima, na kuichora kwenye grafu. Ule mstari ulikuwa unashuka Jumapili mbili za mwisho wa mwezi, unapanda mishahara ikiingia, na Januari ukawa chini kabisa, wakati kila mzazi anahangaika na karo. Mimi nimesimama mimbarini miezi hiyo yote nikiwakemea watu kwa uvuguvugu! Chini ya grafu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Si imani, ni nauli."

Nilikaa na lile daftari mpaka jioni. Tulianzisha ibada za nyumbani kwa Jumapili za mwisho wa mwezi, na watu wakaja. Lakini swali lilibaki. Mungu aliweka kipawa mbele ya macho yangu, nami nilikizuia kwa sababu nilitaka mtu wa kuongoza kwaya.

Nikaenda nyumbani kwao. Nikamwomba msamaha mbele ya mama yake. Mama alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Pasta, hiyo karo ni mahindi yangu na mbuzi wangu. Nitakusamehe. Lakini usimfanyie mtoto wa mwingine hivyo."

Binti alianza upya mwaka wa kwanza, safari hii akijilipia. Masomo aliyokwisha kuyapita hayakuhesabiwa. Mkopo wa HELB wa kozi ile ya kwanza ulibaki deni lake. Leo amemaliza, na anafanya kazi na hizo takwimu zake. Lakini ile miaka miwili hakuna aliyemrudishia.

Ninaandika haya kwa sababu wiki hii kijana mwingine ameniuliza swali lile lile inboksi. Na wewe unayesoma, huenda nawe unalo. Nilimwahidi yule mama, kwa hiyo nitakujibu tofauti.

Kabla ya kuja kwa pasta, ingia tovuti ya KUCCPS usome mwenyewe. Kozi za sayansi huangalia gredi ya somo moja moja, Hesabu, Kemia, Fizikia, wala si gredi ya jumla peke yake. Kama somo linalotakiwa hukulifaulu, mafuta ya upako hayabadilishi cheti. Huenda ukahitaji kurudia mtihani, au kuanzia diploma. Uliza chuoni nafasi ipo au haipo, na maombi yanafungwa lini. Msimu huo ni mfupi, na haungoji mfungo wa siku ishirini na moja. Funga, lakini fomu ipeleke.

Kisha keti na wazazi wako na kalamu. Yesu alizungumza juu ya mtu anayejenga mnara, kwamba huketi kwanza akapiga gharama. Je, utaanza mwaka wa kwanza upya? Karo itatoka wapi? HELB inasemaje?

Halafu jiulize ukiwa peke yako na Mungu: ninakimbia, au ninaitwa? Kama unahama kwa sababu binamu yako alikucheka kwamba sanaa haina kazi, tulia kwanza. Hata wenye digrii za sayansi wanatembea na bahasha mjini. Lakini kama kuna jambo unalolifanya usiku bila kuambiwa na mtu, kama lile daftari, lipime kwa makini.

Wala usidharau ulikotoka. Luka alikuwa daktari, na ndiye aliyetuandikia Injili na historia ya mitume. Musa alifundishwa elimu yote ya Wamisri kabla ya kuitwa. Yule binti huniambia Historia ndiyo iliyomfundisha kuuliza kila takwimu: nani alikuhesabu, na alitaka nini?

Wazazi, na wachungaji wenzangu: mtoto akija na swali kama hili, tumsikilize mpaka amalize. Tukiona aya inatujia haraka kabla ya sikio, tujichunguze. Mara nyingine tunayemlinda ni sisi wenyewe.

Tuombe. Bwana, wasamehe watumishi wako tuliosema umesema wakati hujasema. Wape vijana wetu hekima ya kuchagua, na ujasiri wa kuanza upya. Wale waliopoteza miaka, wafungulie mlango. Katika jina la Yesu.

Kama una kijana chuoni, andika jina lake la kwanza hapa chini. Tutamwombea Jumatano jioni. Amina.