Nairobi: Malaika kwenye vumbi la Kenyatta Market

Kijana wa Dar akisema anakwenda Nairobi, washikaji wanajua kafuata viatu au simu za kuja kuuza. Mimi safari hii nilifuata santuri. Nikaingia Kenyatta Market.

Soko hili lina sifa zake. Kwanza nyama choma, maana moshi unakupokea kabla hujaliona lango. Pili wasusi. Akina dada wale wanakuvuta mkono hata kama una kipara! Ukiwapita salama, ndani kuna vibanda vya sahani za santuri zilizopangwa mpaka darini: benga, lingala, soul, na miziki ya Bongo pia. Usishangae. Enzi hizo kwetu hakukuwa na kiwanda cha santuri, hivyo bendi zetu nyingi zilifyatuliwa hapa Nairobi.

Nilichokuwa nakitafuta ni Boney M. Ndiyo, walewale waliowavalisha baba zetu bugaluu na raizoni! Kundi liliundwa Ujerumani na Frank Farian, waimbaji wakiwa na asili ya Karibiani. Kila mtu anaijua "Rasputin". Lakini hawa jamaa walikuwa mabingwa wa kuchukua nyimbo za watu na kuzivalisha nguo za disko. "Sunny" ni ya Bobby Hebb, ya mwaka 1966. "Rivers of Babylon" iliimbwa na The Melodians wa Jamaica kabla yao. Hata "No Woman, No Cry" ya Bob Marley waliitia disko mwaka 1976.

Sasa shika hii: mwaka 1981 waliimba "Malaika", tena kwa Kiswahili!

Muuzaji, mzee wa makamo, aliponisikia lafudhi akacheka. "Kijana wa Tanzania, hiyo watu huwa wanairuka. Wanataka 'Daddy Cool' tu." Akaipangusa kwa kitambaa, akashusha sindano.

Msomaji wangu, si disko la kukutoa jasho. Linakwenda taratibu, sauti za kina dada zimepangana vizuri, na Kiswahili chao kina ugeni kidogo. Wapo wanaosema huku ni kuuchezea wimbo wetu, kwamba ukishasikia wa Fadhili William au wa Miriam Makeba, mwingine wa nini? Mimi nakataa. "Malaika" ni kilio cha kijana aliyependa, akakwama kwa sababu mfukoni hamna kitu. Sisi tunaohesabu mahari kwa vidole tunamwelewa. Ukiupigia ngoma, uchungu hauondoki. Unapata tu nafasi ya kulia huku unacheza, na hiyo ndiyo kazi ya disko tangu zamani.

Miaka miwili baadaye, 1983, wakarudi tena Afrika Mashariki. Walichukua "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms wa Mombasa, iliyotoka 1982 na kutungwa na Teddy Kalanda Harrison. Hii ya kwao ni shangwe tupu, na ndiyo mtu anaweza kuicheza harusini bila kuona aibu.

Kinachoniuma ni kimoja. Nyimbo hizi zinazunguka dunia, lakini waulize vijana kumi pale kijiweni Them Mushrooms ni akina nani. Hata ubishi wa nani alitunga "Malaika" haujaisha, maana Adam Salim naye alidai ni wake. Tusipotaja majina yetu wenyewe, nani atatutajia? Mgeni akiazima nguo yako akapendeza, sifa zote anabeba yeye.

Kwa hiyo ukipita Nairobi, kula nyama yako, suka kama una nywele, halafu ingia kwenye vibanda vile uombe usikilizishwe, kwanza wimbo wa asili, kisha wa disko. Na nyumbani, kabla mjomba hajaliuza lile sanduku la santuri lililoko uvunguni, hebu lifungue. Huwezi jua nani amelala mle.