Muhuri wa Kampuni Iliyokufa

Simu iliingia Jumanne asubuhi nikiwa kwa matatu ya Kiamunyi. Mama mmoja mwenye sauti ya ofisini akaniuliza kama mimi ni mkurugenzi wa kampuni fulani, akalitaja jina lote mpaka lile neno Limited la mwisho. Nikasema ndiyo. Akaniambia ile invoisi yetu ya viti imeidhinishwa, tulete barua yenye namba ya akaunti na muhuri wa kampuni. Shilingi 214,000.

Nilikuwa nimeshashuka KFA ndipo nikakumbuka kwamba kampuni yenyewe ilikuwa imekufa miezi minane iliyopita. Mimi ndiye niliyeiua.

Tuliisajili 2019 kwa eCitizen, mimi na rafiki yangu, ambaye hapa nitamwita K. Wakati huo kila kijana Nakuru alikuwa mkurugenzi wa kitu. Serikali ilikuwa imetenga asilimia 30 ya tenda zake kwa vijana, akina mama na watu wenye ulemavu, lakini uje na karatasi zako. Tukapata karatasi. Tukachongesha muhuri kwa kibanda kimoja karibu na Gate House, wa duara, wino wa buluu. K. alikuwa akiupiga hata kwa gazeti, kuona tu jina letu.

Mwaka wa 2021 tukapata tenda moja ya kupeleka viti na meza kwa ofisi moja ya umma. Mtaji hatukuwa nao. Mamake K., anayeishi Bahati, akakopa 150,000 kwa chama chake akatutumia. Aliziweka kwenye akaunti ya kampuni, si kwa mkono wa mwanawe. Hilo nililiona dogo wakati ule.

Viti tukapeleka, wakatia sahihi, wakakalia. Pesa hatukuona. Mara bajeti haijapita, mara mhasibu amehamishwa, mara rudini baada ya uchaguzi. K. akarudi kwa kazi ya welding, nami nikaajiriwa. Kampuni ikalala.

Shida ya kampuni ni kwamba ikilala, KRA hawalali. Ritani inatakiwa kila mwaka hata kama hujauza pini, na usipopeleka, faini ya kampuni ni 20,000 kwa mwaka. Ukiwa mtu binafsi ni 2,000. Sheria ya fedha ya 2023 ilipoleta msamaha wa riba na adhabu za hadi mwisho wa 2022, nilikaa usiku mzima nikajaza ritani zote za nyuma. Asubuhi nikampigia K. "Maze, tuizike hii kitu kabla ituzike."

Kuizika si kazi kubwa. Wakurugenzi wanaomba kampuni ifutwe kwenye sajili, msajili anachapisha notisi kwenye gazeti rasmi la serikali, watu wanapewa miezi mitatu ya kupinga. Asipopinga mtu, jina linafutwa na kampuni inavunjika. Hakuna aliyepinga. Nani husoma lile gazeti?

Lakini sheria hiyo ya makampuni ya 2015 inasema pia kwamba ukiomba kufuta kampuni, ndani ya siku saba umpe nakala kila anayeidai. Nililisoma hilo. Nikiwa hapo kwa kompyuta nilimfikiria mamake K., nikajiambia yeye ni mama, si mdai. Ukweli ni kwamba niliona aibu kumpelekea karatasi inayosema tumeshindwa.

Baada ya ile simu tulienda kwa wakili tuliyesoma naye. Alitusikiliza huku akila mandazi, kisha akatueleza kama watoto. Kampuni ikivunjika, kila ilichokuwa nacho kinakuwa mali isiyo na mwenyewe, na mali isiyo na mwenyewe inaenda kwa serikali. Si zile 3,700 tulizosahau benki peke yake. Hata haki ya kudai.

"Kwa hivyo serikali ikitulipa, inajilipa yenyewe?" K. akauliza.

Wakili akacheka. Mimi sikucheka. Akasema kama msajili ndiye angetufuta kwa hiari yake, tungeweza kumwomba yeye mwenyewe aturudishe. Lakini tuliomba wenyewe, kwa hivyo njia ni moja, Mahakama Kuu, na muda ni miaka sita tangu kuvunjika. Anaweza kuomba mkurugenzi, mwanachama, au anayeidai. Mahakama ikikubali, inahesabiwa kama kampuni haikuwahi kufa hata siku moja.

Tukatoka nje. K. akakaa kimya mpaka karibu na Nyayo Garden, kisha akasema, "Muhuri si bado uko kwako?"

Ulikuwa kwangu, kwa droo, na letterhead zilikuwa kwa laptop. Ofisi ile haingeangalia sajili. Sitawadanganya, kwa siku mbili niliifikiria hiyo barua, hata nikaiandika. Nilipofika mahali pa tarehe nilisimama, kwa sababu tarehe yoyote ningeandika ilikuwa uongo.

Jumapili tukaenda Bahati. Mama akatupikia chai ya maziwa mengi, akangoja. K. alishindwa kuanza, nikaanza mimi. Nilipofika kwa ile nakala ambayo sikumpa, aliniangalia muda mrefu.

"Na chama, Mama?" nikamuuliza. "Bado wanakudai?"

"Chama nilimaliza. Niliuza ile ng'ombe ya Friesian."

K. hakujua. Alikuwa ameambiwa ng'ombe alikufa. Aliinuka akatoka nje, nikamwona kupitia dirishani akiwa amesimama kwa zizi tupu, mikono mfukoni.

"Mliizika kampuni," Mama akasema, "na mimi nikiwa ndani. Hata kunigongea hamkugonga."

Sikuwa na jibu. Nikamwambia yale wakili alisema, kwamba yeye pia anaweza kuomba. Akauliza kama atahitaji kuvaa viatu vya kufunga akienda kortini. Nikasema labda hata hataitwa. Akasema ataenda tu, anataka kuona.

Ombi limepelekwa Mahakama Kuu ya Nakuru na jina lake liko la kwanza. Wakili amekubali kulipwa polepole, na anatukumbusha kwamba tukishinda, faini na ritani za kampuni zinafufuka nayo. Kwa sasa kila tarehe tano mimi na K. tunamtumia Mama 5,000 kila mmoja kwa M-Pesa, kutoka mifuko yetu. Huwa anajibu neno moja, "Imefika." Mwezi uliopita K. alichelewa siku mbili, na Mama akanipigia mimi.