Moteri Inayovuta Hewa ya Wizi

Wengi wetu tulikulia Kyavinyonge na Vitshumbi, tulijua ziwa kabla ya kujua baiskeli. Leo tunajitolea huku Kasese, na tukipata nafasi tunashuka Katwe kusaidia mafundi wa mitumbwi. Ugonjwa mmoja tunakutana nao sana: moteri ya zamani inawaka, lakini ukipunguza mwendo inapanda yenyewe, inashuka, halafu inazimika. Haitulii mpaka uvute choki. Watu wanalaumu petroli. Mara nyingi ni hewa.

Kabureta inachanganya petroli na hewa kwa kipimo. Hewa ikipenya kwenye gasketi iliyopasuka ama bolti iliyolegea, kipimo kinaharibika. Na hizi moteri tunazichanganyia oili ndani ya petroli, kwa hiyo petroli ikipungua, oili nayo inapungua. Pistoni inachemka, mwisho inakwama.

Sisi tunatafuta hivi. Kwanza, moteri ikiwa imezimwa, tunaminya ule mpira wa kuvutia petroli mpaka uwe mgumu. Ukilegea haraka, tunakagua paipu na viungo vyake. Pili, tunawasha moteri ikiwa ndani ya maji, tunapaka maji ya sabuni pale kabureta inaposhikana na injini. Sauti ikibadilika, au povu likivutwa ndani, ni hapo. Wengine wanamwagia petroli. Hapana jamani, moteri ya moto itawaunguza.

Tatu, tunafungua, tunasafisha, tunaweka gasketi ya karatasi yake. Boksi la sabuni halidumu. Bolti tunazikaza kidogo kidogo, huku na huku, zisipinde kabureta. Usikimbilie kuzungusha skrubu ili kuficha shida.

Kwa nini tunasumbuka hivi? Ziwa Edward ni la Uganda na Kongo, na mpaka umepita majini, hauna ukuta. Moteri ikizimika, upepo ndio unachagua utafika upande gani. Wavuvi wamekamatwa pande zote mbili. Sasa fikiria mtu aliyekimbia Kongo, akirudishwa na upepo, karatasi za ukimbizi ameziacha nyumbani.

Wafanyakazi wa misaada, mkileta mafunzo ya ushonaji na kompyuta tunashukuru. Leteni pia spana na karatasi ya gasketi. Vijana wa kushika tupo.