Piña Colada ya Keja, na Video Niliyofuta

Wiki hii mmenijazia simu na swali moja tu: ile piña colada niliyotengeneza kwa keja inatengenezwaje? Nitawaambia yote, hadi vijiko. Lakini nikiwapa vipimo tu halafu ninyamaze, nitakuwa nimewaambia nusu ya ukweli. So leo soma mpaka mwisho, hata kama umekujia mapishi.

Wacha nianze na aibu ndogo. Ile kubwa inakuja.

Mara ya kwanza nilitumia maziwa ya pakiti. Nazi ya mkebe kule supamaketi ilikuwa bei ya chakula changu cha siku mbili, nikajiambia si yote ni kitu cheupe tu. Nikatia kwa blenda maziwa, nanasi, ramu na barafu. Nikageuka kutafuta glasi safi, ambayo kwangu ni safari. Kurudi, maziwa yamekatika. Madonge yako juu, maji ya njano chini. Nikaonja, kwa sababu pesa ni pesa. Chungu ajabu.

Baadaye nilisoma nikaelewa. Asidi ya nanasi inakatisha maziwa, na nanasi bichi lina kimeng'enya kinaitwa bromelain, ambacho kinavunjavunja protini. Hiyo ndiyo sababu watu hulainishia nyama nanasi. Ukikiweka kwa maziwa ya ng'ombe, kinaanza kazi papo hapo na uchungu unatokea.

Jirani yangu hapa kwa ploti ni mama wa Kilifi. Asubuhi huuza mahamri na mbaazi za nazi pale getini. Alisikia blenda ikilia usiku, akaja kuuliza kama niko sawa. Nikamwonyesha.

"Mwanangu, kitu cha nazi watia maziwa ya ng'ombe?"

Nikamwambia ukweli. Mama, hii ni pombe. Akanyamaza kidogo.

"Mimi pombe situmii, na hiyo siigusi. Lakini tui nitakufundisha, uache kuharibu chakula."

Kesho yake akanikalisha kwa mbuzi. Kwa wale wa bara ambao hawajui, mbuzi ni kile kigoda chenye chuma chenye meno mbele, unakikalia unakuna nazi. Dakika kumi mikono inauma na nazi ni nusu. Ukimaliza, unamwagia machicha maji ya vuguvugu kidogo sana, karibu nusu kikombe, unakanda, unakamua kwa kitambaa safi au kifumbu. Hilo la kwanza ndilo tui zito. Ukiongeza maji ukikamua tena, unapata tui jepesi, hilo wekea wali. Kwa piña colada tunataka la kwanza pekee.

Hapo ndipo nikataka kujua hii kitu imetoka wapi. Ni ya Puerto Rico, kule Karibi. Jina ni Kihispania, maana yake ni nanasi lililochujwa. Hoteli ya Caribe Hilton pale San Juan husema mhudumu wake wa baa, Ramón Marrero, ndiye aliibuni mwaka wa 1954. Mkahawa wa Barrachina, mji huohuo, una kibao kinachosema ilizaliwa kwao, 1963. Bado wanavutana. Mwaka wa 1978 Puerto Rico ikaitangaza kinywaji chake rasmi.

Lakini stori niliyoipenda ni ya nazi. Kukamua tui kulikuwa kazi ngumu kule kama ilivyo hapa, mpaka Ramón López Irizarry, aliyekuwa akifundisha kilimo chuo kikuu, akapata njia rahisi ya kutoa ule uzito wa nazi, akauchanganya na sukari, akauita Coco López. Halafu akaacha chuo akaingia biashara. Nilipomwambia mathe kuwa hata yeye aliacha chuo, mathe aliniuliza alikuwa mwanafunzi au mwalimu. Nikabadilisha mada.

Haya, chukua kalamu.

Kwanza, tui tamu. Kikombe kimoja cha tui zito, robo tatu ya kikombe cha sukari, na chumvi kidogo sana. Weka kwa moto mdogo, koroga bila kuacha mpaka sukari iyeyuke. Usiache lichemke, litakatika na utarudi kwa aibu yangu ya kwanza. Likipoa, weka kwa friji au uombe jirani mwenye friji.

Pili, nanasi. Chagua lile ukinusa kitako linanukia. Likikosa harufu, halijaiva. Menya, katakata vipande vidogo, gandisha usiku kucha. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaweka barafu nyingi, inayeyuka, unabaki na maji yenye kumbukumbu ya nanasi. Nanasi likiganda lenyewe ndilo barafu yako.

Tatu, kuchanganya. Kwa glasi mbili: nanasi lililoganda vikombe viwili, tui tamu vijiko sita vya chakula, ndimu nusu, ramu nyeupe mililita 100. Saga mpaka iwe laini kama uji mzito. Ikigoma kuzunguka, ongeza juisi ya nanasi kidogo. Usiruke ndimu, ndiyo inafanya sukari isikuchoshe.

Hujafika 18? Toa ramu, ongeza juisi ya nanasi. Sikutanii wala sikudharau. Hiyo ndiyo nilimpelekea jirani yangu, kwenye blenda iliyooshwa mara mbili akinitazama. Akanywa glasi nzima, akasema sukari imezidi. Ni kweli, imezidi.

Na ukinunua ramu, angalia stempu ya KRA kwa chupa. Kuna programu ya simu inaitwa Soma Label, piga picha stempu uone kama ni halali. Februari 2024 watu zaidi ya kumi walikufa Kirinyaga kwa sababu ya pombe haramu. Bei ikiwa rahisi kupita kiasi, jiulize nani amelipia hiyo tofauti.

Sasa ile mililita 100. Mbona nimeipima hivyo? Hapa ndipo aibu kubwa inaanza.

Mwaka wa pili chuoni, kwa hosteli, hatukuwa na kipimo. Tulikuwa na jagi. Mnachanga, mzinga unaletwa, unamwagwa kwa jagi na soda, jagi linazunguka. Likikufikia unakunywa mpaka wengine waseme basi. Ukikataa, wewe ni mlaini. Hakuna aliyejua amekunywa kiasi gani, na ndiyo ilikuwa raha yenyewe.

Nilikuwa na beshte. Tulijiunga siku moja, tukalala chumba kimoja, tukagawana ugali na sukuma mwezi ukiwa mrefu. Usiku mmoja jagi lilimfikia mara nyingi kuliko wengine. Akaanguka kwa korido, akajitapikia, akawa anaongea maneno ya utotoni, anamwita mamake. Sisi tunacheka. Na mimi, badala ya kumgeuza alale ubavu asipaliwe, nilitoa simu. Nikarekodi. Nikaweka muziki. Nikaposti.

Ile ndiyo video yangu ya kwanza kufika mbali. Wengi wenu mlinijua hapo, hata kama hamkumbuki. Kila saa namba zilipanda, na mimi nikawa kama nimeshinda kitu. Siku ya tatu mamake aliiona. Mtu wa kanisa alimtumia.

Beshte hakunipigia kelele. Alihamisha godoro lake chumba kingine, akaacha sufuria yangu ikiwa imeoshwa. Hiyo sufuria ndiyo ilinimaliza.

Mimi naye nilijiona nimepata kazi. Pesa ya karo nikanunua taa na simu nzuri, nikasema video zitalipa. Hazikulipa. Muhula uliofuata sikurudi. Watu wa nyumbani hufikiri niliacha chuo kwa sababu ya pombe, na mimi huwaacha wafikiri hivyo, kwa sababu ukweli ni mbaya zaidi. Niliacha kwa sababu nilidhani kumwaibisha rafiki ni kipaji.

Ile siku nilipima ramu kwa mara ya kwanza, nikiwa peke yangu kwa jikoni, nilifanya hesabu. Glasi moja ya piña colada ina ramu mililita 50. Ramu ikiwa ya asilimia 40, hiyo ni mililita 20 za kileo chenyewe. Bia ya nusu lita yenye asilimia 4.2 ina 21. Kwa hivyo glasi moja, ile tamu, ile inateleza kama juisi, ni kama chupa nzima ya bia. Robo ya 250 ni karibu bia tano. Mzinga wa 750 una mililita 300, yaani bia kumi na nne na bado.

Nikakaa chini. Nikakumbuka lile jagi lilizunguka watu wanne, mzinga wa kwanza, halafu wa pili. Nikagawa. Halafu nikakumbuka kuwa beshte alikunywa na sehemu za wale waliokuwa wakijifanya wanameza. Tungemzika, wasee. Na video ningekuwa nayo.

So maoni yangu ni haya, na mko huru kunitusi. Sisi hatuna shida ya kukosa raha, tuna shida ya kukosa kipimo. Tunajua bei ya kila chupa lakini hatujui kilichomo ndani. Mtu anayekukunia nazi, akagandisha nanasi usiku kucha, akapima vijiko, hawezi kukulazimisha umeze haraka. Anataka uonje. Glasi moja, na wali wa nazi au hata mahamri, na stori. Ukitaka ya pili, unajua ni ya pili.

Usiniambie hiyo ni maisha ya wadosi. Nazi ziko soko, nanasi la Thika wanalipitisha na mkokoteni, na kijiko unacho. Na ukiamua hutaki pombe kabisa, kinywaji bado ni kitamu. Jirani yangu ni shahidi.

Ile video niliifuta mwezi uliopita. Najua imeshapakuliwa na watu, najua kufuta hakuondoi alichokiona mamake. Nilimtumia beshte ujumbe. Sikujitetea. Nilimwandikia kuwa nilipaswa kumgeuza ubavu, nikachukua simu.

Alisoma usiku huo. Siku nne baadaye akajibu: "Nimeona."

Hiyo tu. Sijui kama kuna ingine inakuja, na sitamsukuma. Ila nimeweka glasi mbili kwa friji, na moja haina ramu, kwa sababu siku hizi sijui yeye hunywa nini na sitaki kudhani.

Wewe wikendi hii, kabla hujaposti mtu amelala chini, mgeuze ubavu kwanza. Kaa naye. Asipoamka ukimwita, tafuta gari la hospitali. Simu yako inaweza kupiga pia, si kurekodi tu.