Champali Zilizogeuka Jahazi

Ukibahatika kufika Lamu, usiishie kwenye punda na milango ya nakshi. Uliza habari za Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa kwa takataka za plastiki na kuvikwa champali kuukuu zipatazo 30,000. Watu wa kujitolea walizizoa ufuoni, jua likiwachoma. Fundi Ali Skanda na wenzake, waliozoea mbao, waliichonga plastiki iliyoyeyushwa. Kulikuwa na waliocheka! Mwaka 2018 chombo kilishushwa majini, na 2019 kikatweka tanga hadi Unguja. Lakini hebu tembea ufuoni asubuhi, maji yakishatoka. Utakuta champali nyingine, chupa na vifuniko vimeletwa na bahari usiku, pale pale palipookotwa jana.