Nambari tatu na kamba moja: vifaa vya kamera nilivyojitengenezea

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na najua baadhi yenu mlidhani nimezama kwenye msimbo wa programu. Sivyo. Nimekuwa nikisaga kioo. Tarakilishi nimeifunga kila Jumamosi, nikakaa kwenye kibaraza cha nyumba yangu na kipande cha kioo, mkebe wa dawa ya kusagia valvu za gari na ndoo ya maji. Majirani wananipita wakitikisa vichwa.

Haya, tuanze na kamera yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa kioo ni cha nini. Ni Polaroid 110B, iliyotengenezwa Marekani miaka ya mwanzo ya 1960. Ilikuwa kamera ya picha za papo hapo: unapiga, unavuta karatasi, unasubiri, picha hii hapa. Filamu yake ya kuviringishwa iliacha kutengenezwa mwaka 1992, na tangu hapo kamera hizo zimebaki mapambo ya kabati. Lakini mbele yake kuna lenzi nzuri ajabu ya Kijerumani, Rodenstock Ysarex ya milimita 127, yenye tundu la f/4.7. Lenzi hiyo inaweza kufunika filamu kubwa kuliko ile iliyowekewa. Kwa hiyo kuna mafundi huko ng'ambo wanaoukata mgongo wa kamera hii na kuufunga mwingine unaopokea vibebeo vya filamu ya inchi 4 kwa 5. Binamu yangu anayeishi Massachusetts aliniletea moja iliyokwisha kukatwa. Ilikuja na vibebeo viwili. Basi. Hakuna kioo cha kuangalizia, hakuna kofia ya lenzi, hakuna chochote.

Kipande kimoja cha filamu hiyo kina eneo karibu mara 15 ya filamu ile ndogo ya milimita 35 tuliyoizoea zamani. Ukikiangalia dhidi ya dirisha unaona nyuzi za shati la mtu. Lakini kipande kimoja, ukijumlisha usafiri na ushuru, hunigharimu zaidi ya shilingi 400, na kibebeo kimoja hubeba viwili tu. Kwa hiyo hakuna kupiga kumi halafu uchague moja kama tufanyavyo kwa simu.

Na kwa nini nisitumie simu? Kwa sababu ya nyanya yangu, mama yake baba, anayekaa juu milimani Taita, karibu na Wundanyi. Umri wake hakuna anayeujua sawasawa, lakini miaka 85 ameipita. Picha yake pekee ya uso mzima tuliyo nayo ni ile ya kitambulisho, na mnajua wenyewe picha za kitambulisho zinavyomfanya kila mtu aonekane mshukiwa. Za simu zipo, ndiyo, za harusi na matanga, yeye akiwa pembeni na nusu ya kilemba. Nilitaka picha moja iliyokusudiwa, kwenye kitu kinachoshikika, kisichohitaji nywila wala chaja.

Sasa tuje kwenye nambari. Ninyi mnaounda programu mnaelewa raha ya kukuta mfumo wa zamani ambao mlango wake wa kuunganishia umeandikwa wazi. Huhitaji kumwomba aliyeuunda ruhusa. Unasoma maelezo, unatengeneza chako, kinaingia. Kamera hizi ziko hivyo, na kwangu mimi nambari tatu tu ndizo zilizofungua kila kitu.

Ya kwanza ni milimita 5.0. Huo ndio umbali, kwa kiwango kilichokubaliwa Marekani, kutoka uso wa kibebeo hadi mahali filamu inapolalia: inchi 0.197, kukiwa na ruhusa ya inchi 0.007 juu au chini. Filamu yenyewe ina unene wa karibu inchi 0.007. Kwa hiyo uso wa kioo cha ukungu, yaani kile kioo kilichosagwa ambacho picha huonekana juu yake kichwa chini kabla hujaweka filamu, unatakiwa ukae kwenye kina cha milimita 4.8 hivi. Kioo kikikaa mahali pengine, macho yako yanaona kitu kimoja na filamu inaona kingine.

Kioo nilikatiwa na fundi wa vioo vya fremu za picha, cha milimita 2. Dawa ya kusaga nilinunua Barabara ya Kirinyaga, kwenye maduka ya vipuri. Ni ile ile ambayo makanika hutumia kusagia valvu ili zikae sawa kwenye injini: mkebe una upande wa chembe nene na upande wa chembe laini. Unaweka dawa kidogo, matone ya maji, halafu unachukua kipande kingine kidogo cha kioo na kukisugua juu yake kwa mwendo wa nambari nane. Kwanza inakwaruza kwa sauti ya kuudhi meno. Baada ya dakika kumi hivi sauti inatulia, inakuwa kama mtu anayefagia mchanga. Mimi nilitumia ile nene kwa nusu saa kisha laini kwa saa nzima. (Safisha kabisa kabla ya kubadilisha, chembe moja nene iliyobaki itachora mstari usiofutika.) Ukioshea maji, kioo kinaonekana kama dirisha la bafu. Ukikiinua kuelekea mti ulio mbali, nyuma ya lenzi, unauona mti mzima umepinduka, na majani yanatikisika. Nimefanya kazi na skrini miaka mingi, lakini picha inayotembea juu ya kioo bila umeme ilininyamazisha.

Fremu ya kioo niliitengenezea mbao za mvule zilizobaki kwa seremala wa mtaa wetu. Upande uliosagwa lazima utazame lenzi. Kupata ile 4.8 nilitumia kalipa ya dijitali na karatasi za kawaida za A4, zile za printa, kwa sababu karatasi moja ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1. Nilichimba ngazi ya kioo ndani zaidi kwa makusudi, kisha nikapandisha kwa vipande vya karatasi, kimoja kimoja, hadi kalipa ikasema sawa. Kisha nikathibitisha usiku kwa taa ya mlingoti wa simu ulio mbali: nukta kali, ndogo, bila ukungu pembeni. Kwa hesabu, lenzi ikiwa wazi kwa f/4.7, na ukikubali doa la milimita 0.1 kuwa ndilo jicho linaloona kama nukta, unaruhusiwa kupotoka chini kidogo ya milimita nusu kila upande. Karatasi zangu ni sahihi kuliko hapo. Kuna watu watawauzia vipande vya shaba kwa kazi hiyo hiyo kwa bei ya kutisha. Msinunue.

Nambari ya pili ni 127, urefu wa lenzi. Filamu imekuwa kubwa, lakini dirisha la kutazamia la kamera bado linaonyesha eneo dogo la zamani, kwa hiyo unakata watu vichwa akilini wakati filamu inawaona wazima na ua wote. Suluhisho ni fremu ya waya. Eneo la filamu linalopata mwanga ni takriban milimita 95 kwa 120. Kama ungeweka jicho milimita 127 nyuma ya fremu ya ukubwa huo huo, ungeona hasa kile filamu inachokiona. Gawa zote kwa mbili: jicho milimita 63.5, fremu 47.5 kwa 60. Nikakunja spoki ya baiskeli, nikaifunga juu ya kamera, na nyuma nikaweka kibati chenye tundu la kuchungulia. Gharama: spoki moja.

127 hiyo hiyo ndiyo iliyonipeleka Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, kwa ajili ya kofia ya lenzi ya kuzuia jua. Pembe ya filamu hii inataka kila milimita 10 unazokwenda mbele, mdomo wa kofia upanuke milimita 6 kila upande, la sivyo kona za picha zitakuwa nyeusi. Nilikwenda na umbo limekatwa kwenye karatasi ngumu. Fundi, mzee mmoja aliyezungukwa na masanduku ya bati ya wanafunzi, aliligeuzageuza.

"Kijana, hiki ni kikombe ama ni tarumbeta?"

"Ni kofia, mzee. Ya lenzi ya kamera."

"Haina kitako."

"Ndiyo, mzee. Mwanga upite."

Alicheka, akakata bati, akaliviringisha kwenye chuma, na kabla sijasema kitu akakunja ukingo kuelekea nje ili usinikate vidole. Hilo halikuwa kwenye mchoro wangu. Ndani nilipaka rangi ya ubao, ile ya mashuleni, kwa sababu ni nyeusi na haing'ai hata kidogo. Shuka la kujifunika kichwa unapotazama kioo ni kitambaa cha buibui kutoka Eastleigh, tabaka mbili. Halipitishi mwanga, na unapumua vizuri kuliko ndani ya blanketi.

Nambari ya tatu nitaipitia haraka: 20. Tundu la chini ya kamera linapokea boliti ya robo inchi yenye nyuzi 20 kwa kila inchi, na maduka yetu yamejaa boliti za milimita. Ulizeni boliti ya robo inchi ya Whitworth, ya Kiingereza cha zamani. Pembe ya nyuzi zake ni digrii 55 badala ya 60, lakini idadi ni ile ile, na inashika. Kwayo nilifunga kamera kwenye stendi ya mbao.

Filamu niliyoibeba kwenda Taita haikuwa ya shilingi 400. Ilikuwa ya eksirei, ya hospitali, ile inayohisi kijani, ambayo nikiinunua kwa wauzaji wa vifaa vya matibabu ni rahisi mno. Karatasi ya inchi 8 kwa 10 inatoa vipande vinne, na unaweza kuikata chini ya taa nyekundu kwa sababu haioni wekundu. Hapo ndipo penye hatari. Filamu isiyoona wekundu inaifanya ngozi yetu kuwa nyeusi kuliko ilivyo. Kahawia ya uso wa mtu ina wekundu mwingi ndani yake, na ukipima mwanga kama kitabu kinavyosema unapata kilemba kizuri na chini yake shimo. Kwa hiyo mimi huihesabu kama ISO 50, halafu kwa uso wa mtu wetu naongeza mwanga mara mbili, na kwenye dawa naitoa mapema. Nilijaribu hayo kwa uso wangu mwenyewe kabla ya kumsumbua bibi wa watu.

Barabara ya kutoka Mwatate kupanda Wundanyi ina kona zinazokufanya umwombee dereva. Nilipakata kamera njia nzima. Juu kulikuwa na ukungu, mwanga mlaini usio na kivuli, ambao ndio hasa nilioutaka.

Tatizo la picha ya uso ni kwamba ukishatazama kwenye kioo, unakitoa, unaweka kibebeo, unavuta kifuniko, na muda huo wote mtu anapumua na kuyumba. Kwa umbali wa mita moja na nusu, lenzi ikiwa wazi kabisa, eneo linaloonekana kali ni sentimita 12 hivi. Hata kwa f/8 ni 20. Mzee wa miaka 85 kwenye kigoda hawezi kuganda ndani ya hapo kwa sababu mjukuu amemwambia. Kwa hiyo kifaa cha mwisho ndicho rahisi kuliko vyote: kamba ya katani, imefungwa chini ya kamera, na fundo mahali nilipopima kwa kioo. Nyanya alitakiwa ashike fundo lifike pembeni mwa jicho, kamba ikaze, kisha aliachie bila kusogea.

"Mjukuu wangu, umenifunga kamba kama mbuzi?"

"Hapana, nyanya. Wewe ndiye umeishika. Mimi ndiye niliyefungwa."

Alilipenda hilo. Akaishika kamba kwa vidole viwili, akaikaza mwenyewe, akanisahihisha nilipoisogeza stendi, akaiachia ikaanguka mapajani. Sikuwahi kumwona ametulia vile mbele ya kamera. Alikuwa na kazi ya kufanya. Nilipiga vipande vinne. Viwili f/8, viwili lenzi ikiwa wazi.

Nilivisafisha usiku huo huo jikoni kwake, kwenye sinia la plastiki lenye kioo chini, kwa sababu filamu ya eksirei ina dawa pande zote mbili na ikilowa inachubuka upesi. Vitatu ni vizuri. Kimoja ni chenyewe: mikunjo ya shavu inahesabika, na ndani ya jicho la kushoto, ukitumia kioo cha kukuzia, kuna mtu mdogo aliyejifunika kitambaa cheusi. Nilimtolea nakala kwa kubana filamu na karatasi kati ya vioo viwili. Aliitazama muda mrefu, akaniuliza kama naweza kurudi, safari hii avae leso yake nyingine.

Nitarudi mwezi wa nane. Kabla ya hapo nataka kutengeneza kifuniko cha lenzi chenye tundu dogo la f/90. Polaroid wenyewe walikuwa nacho kwa ajili ya filamu zao zenye kasi, na changu kilipotelea huko kilikotoka. Gawa 127 kwa 90: tundu la milimita 1.4. Keekee ninayo, na yule mzee wa Kamukunji ameahidi kuniwekea kipande cha bati.