Mkata Tiketi wa Mtaa wa Samora

Tiketi ya ndege ya zamani ilikuwa kijitabu. Juu ilikuwa na jalada lenye nembo ya shirika, ndani kurasa nyembamba, moja kwa kila kipande cha safari, na nyuma ya kila ukurasa rangi nyekundu ya kaboni iliyohamisha maandishi hadi ukurasa wa chini. Aliyeikata aliandika kwa mkono, herufi kubwa tupu, akikandamiza kalamu mpaka kidole cha shahada kinauma. Ilipofika saa kumi jioni vidole vilikuwa vyekundu kama vya bibi harusi. Mwandishi wa kumbukumbu hizi aliingia katika kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwenye ofisi ya ghorofani Mtaa wa Samora, Dar es Salaam. Na kwa kuwa mzee anayesema "mimi, mimi" huchosha haraka, humu atajiita mkata tiketi, jina walilomwita wateja wake.

Aliyemfundisha kazi alikuwa mama mmoja wa Kigoa, mkali, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Wiki za kwanza hakumruhusu kugusa tiketi. Alimkalisha mbele ya meza akimwuliza vifupi vya viwanja: Kilimanjaro? JRO. Zanzibar? ZNZ. Bujumbura? BJM. Maskati? MCT. Akikosea herufi moja anaanza upya, kwa sababu herufi moja ndiyo inayompeleka mzigo wa mtu nchi nyingine.

Baada ya vifupi zilikuja hesabu. Mezani palikuwa na OAG, kitabu kinene cha ratiba za ndege za dunia nzima, na kando yake vitabu vya nauli. Nauli ya safari ndefu ilipigwa kwa maili. Kila jozi ya miji ilikuwa na kikomo cha maili ambazo abiria aliruhusiwa kwenda kwa nauli moja. Akizidisha kwa kuzunguka, anaongezewa asilimia 5, kisha 10, hivyo hivyo hadi 25, na akivuka hapo safari inavunjwa vipande. Mjuzi wa kazi aliweza kumpitisha mtu Nairobi, Cairo na Athens akielekea London, akalala kila mji apendapo, na bado maili zikawa ndani ya kikomo. Hapo ndipo ulipokuwa ufundi wenyewe. Mteja aliyekuja kuulizia London tu aliondoka na safari ya miji minne, akidhani amependelewa.

Tena hakulipa kitu juu ya nauli. Aliyemlipa wakala ni shirika la ndege. Kwa tiketi ya kimataifa kamisheni ya kawaida ilikuwa asilimia 9, yaani katika tiketi ya dola 1,000 wakala anabakiza 90 na zilizosalia anazipeleka. Wateja wengi hawakujua. Waliamini kwamba chai ya tangawizi, simu za kuulizia viti na ushauri wa viza ni ukarimu wa ofisi, na ofisi haikuona sababu ya kuwasahihisha. Tabia hiyo ya kuficha bei ya huduma ndiyo iliyokuja kuwatesa mawakala baadaye, kwani siku walipolazimika kuidai mezani, wateja waliiona kama ulaghai mpya.

Siku hiyo ilianzia mbali. Mwaka 1995 shirika la Delta la Marekani liliweka ukomo wa kamisheni kwa safari za ndani ya nchi hiyo: dola 50 kwa kwenda na kurudi, hata nauli iwe kubwa namna gani. Mwaka 2002 likafuta kamisheni ya msingi kabisa, na wenzake wakafuata. Upepo ule ulipofika Afrika Mashariki, asilimia 9 ikawa 7, kisha 5, na kwa baadhi ya mashirika ikawa si kitu. Ofisi za mawakala mjini zikaanza kuandika mstari mpya kwenye risiti: ada ya huduma.

Katikati ya hayo kompyuta zilikuwa zimeshaingia. Mitambo ya kubuku viti ilikuwa mali ya mashirika yenyewe: Sabre ilizaliwa kwa ushirikiano wa American Airlines na IBM, na Amadeus ilianzishwa mwaka 1987 na Air France, Iberia, Lufthansa na SAS. Kioo kilikuwa cheusi na maandishi ya kijani. Unaandika AN15MAYDARLHR, mtambo unajibu kwa safu za herufi na tarakimu: Y9, M9, Q4. Maana yake ni kwamba ndege ile ile, viti vya daraja lile lile la kawaida, vimegawanywa katika mafungu ya bei, na fungu la Q limebakiwa na viti vinne tu. Aliyeweza kusoma safu hizo aliona jinsi bei itakavyokwenda kabla haijapanda. Anayefungua programu ya simu leo anaona bei moja iliyokwisha kupikwa, na akirudi baada ya chakula cha mchana akikuta imeongezeka anadhani simu inampeleleza. Mara nyingi ni fungu limekwisha.

Tarehe 1 Juni 2008 tiketi za karatasi zilikoma. IATA, umoja wa mashirika ya ndege, ndio ulioamua hivyo baada ya kampeni ya miaka minne. Mkata tiketi aliosha vidole kwa furaha, ila wateja hawakuwa na furaha hiyo. Mzee mmoja wa Ilala, anayekwenda kumwona mwanawe Maskati, aliigeuzageuza karatasi ya printa.

"Kijana, hii ndiyo tiketi?"

"Ndiyo, mzee wangu. Hata ukiipoteza, jina lako limo kwenye kompyuta yao."

"Na kompyuta ikizimika?"

Akaomba apigiwe muhuri. Muhuri wa ofisi haukuwa na kazi yoyote katika safari ile, lakini ulipigwa, wa duara, wino wa buluu, na mzee akaikunja karatasi akaiweka ndani ya pasipoti ametulia. Kwa miezi mingi baadaye muhuri ule ulipigwa kwa kila aliyeuomba.

Mwaka huohuo M-Pesa, huduma ya kulipa kwa simu, ilianza Tanzania, na hilo ndilo lililobadilisha mambo kuliko tiketi ya kielektroniki. Kununua mtandaoni kulihitaji kadi ya benki, na wengi hawakuwa nayo. Simu walikuwa nayo. Kwa hiyo shirika la ndege la Fastjet lilipoanza kuruka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro mwishoni mwa Novemba 2012, likitangaza nauli za kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, abiria wa ndani hawakuwa na haja ya kupanda ngazi za Mtaa wa Samora. Watu wa Mwanza, ambao kwa miaka walikuwa wakimpa mkata tiketi salamu za shangazi na samaki wa kukausha, walitoweka. Hawakuwa na kosa. Kwenda Mwanza na kurudi ni safari ya ndege moja. Wakala hana anachoongeza pale ila bei.

Ndivyo ilivyo hata sasa kwa treni ya SGR. Nauli ya daraja la kawaida ilipotangazwa mwaka 2024 ilikuwa shilingi 13,000 Dar es Salaam hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma. Mtu mwenye simu anaikata mwenyewe amekaa barazani. Anayemlipa mtu wa kati kwa tiketi ya namna hiyo anatoa sadaka.

Kilichomfanya mkata tiketi asifunge duka alikuwa amekwisha kukiona miaka miwili kabla ya Fastjet. Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull huko Iceland ilimwaga majivu angani, na kuanzia tarehe 15 anga ya sehemu kubwa ya Ulaya ya kaskazini ikafungwa kwa karibu wiki. Dar es Salaam pakajaa watu waliokwama. Wale waliokatiwa tiketi ofisini walikaa kwenye viti vya plastiki korido nzima, na mkata tiketi akawa anawapangia upya mmoja mmoja, wengine kupitia Ghuba kusubiri anga ifunguke, wengine kusogezwa hadi wiki inayofuata. Kati yao waliingia mume na mke, wazee, waliokuja na tiketi zilizonunuliwa na kijana wao aishiye Uingereza kwenye tovuti ya huko. Walikuwa wametoka ofisi ya shirika la ndege, na jibu walilopewa lilikuwa hili: mwulizeni aliyewauzia. Aliyewauzia alikuwa na namba ya simu ya Uingereza, na namba ile ilikuwa ikipiga muziki tu.

Shirika halikuwatendea ubaya; ndivyo biashara ilivyojengwa. Tiketi iliyotolewa na wakala, awe wa Samora au wa mtandaoni, kwa kawaida hubadilishwa na kurejeshewa nauli na yule yule aliyeitoa. Kwa hiyo wanaogombana juu ya "wakala au mtandao" wanasahau kwamba tovuti nyingi za kulinganisha bei nazo ni mawakala, ila hazina mlango wa kugonga. Kununua mwenyewe kwa maana halisi ni kununua kwenye tovuti ya shirika lenyewe. Mara nyingine huko ndiko kwenye nafuu kweli: tangu Septemba 2015 kundi la Lufthansa lilianza kutoza euro 16 kwa kila tiketi inayokatwa kupitia mitambo ya mawakala, na wengine wakaiga. Mkata tiketi huwaambia wateja wake hivyo wazi, jambo lililowahi kumgombanisha na bosi wake.

Majina ni kisa kingine. Mama mmoja wa Magomeni alikatiwa tiketi ya kwenda Ulaya na mkwewe, mtu wa huko, kwa nia njema kabisa. Mkwe alijaza jina la mama, kisha penye jina la ukoo akaandika la baba mkwe. Huko kwao mke huchukua jina la mume. Pasipoti ya mama ilikuwa na jina lake, la baba yake na la babu yake, kama wanawake wengi wa pwani. Tiketi haikuruhusu kubadili jina wala kurejeshewa nauli, na siku tatu kabla ya safari ikanunuliwa nyingine kwa bei ya siku tatu kabla ya safari. Ofisini, kitu cha kwanza kinachoombwa ni pasipoti. Huangaliwa jina, halafu tarehe ya kuisha, kwani nchi nyingi hutaka ibakize miezi sita.

Na wapo wanaounganisha tiketi mbili za bei poa. Anapata moja ya kumfikisha Istanbul na nyingine, ya shirika lingine, ya kumtoa Istanbul kwenda London. Kwenye kioo cha simu zinaonekana zimepishana kwa saa tano, raha tupu. Ya kwanza inatua uwanja wa upande wa Ulaya, ya pili inaondokea Sabiha Gökçen, upande wa Asia. Lazima atoke, apite uhamiaji, achukue mzigo, avuke jiji, na pasipoti ya Tanzania inahitaji viza kuingia Uturuki. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halimjui.

Wafanyabiashara wa Kariakoo hawajawahi kuhama. Wanaokwenda Guangzhou, hasa Aprili na Oktoba wakati wa maonyesho makubwa ya biashara, hawaanzi na nauli. "Niambie mizigo mingapi," husema, "ya nauli tutaongea." Kwao tiketi iliyo juu kwa dola 60 lakini inayoruhusu begi la ziada ni rahisi kuliko ya bei ya chini. Wanataka tarehe ya kurudi inayoweza kusogezwa, maana kiwanda kikichelewesha vitenge hawawezi kurudi mikono mitupu. Na wanataka mtu wa kupokea simu usiku wa manane, saa ambayo Guangzhou tayari kumekucha.

Mwaka 2020 uliwapima wote sawa. Tanzania ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa tarehe 12 Aprili na kufungua tena tarehe 18 Mei, lakini dunia ilikuwa imefungwa. Mashirika mengi yalizima njia ya kurejesha nauli kwenye mitambo ya mawakala, yakatoa vocha. Hapa mkata tiketi hawezi kujisifu. Wateja wake walingoja fedha zao kama walivyongoja walionunua wenyewe; tofauti ni kwamba wao walikuwa na mtu wa kumfokea, naye alifokewa sana. Ofisi ya ghorofani ilirudishwa kwa mwenye nyumba, na kazi ikahamia sebuleni kwa mkata tiketi, kompyuta mpakato na simu mbili.

Ukubwa wa jina nao si kinga. Thomas Cook alikodi treni ya kutoka Leicester hadi Loughborough mwaka 1841 kwa shilingi moja kila abiria, na biashara ya uwakala ikakua kutoka hapo. Kampuni yenye jina lake ilianguka tarehe 23 Septemba 2019, ikiacha Waingereza wapatao 150,000 nje ya nchi yao.

Wanaomsumbua mkata tiketi sasa ni vishoka, wasio na leseni, wanaouza bukingi kana kwamba ni tiketi. Bukingi ina herufi na tarakimu sita na haigharimu kitu kuifungua. Mtambo utaifuta wenyewe isipolipiwa. Mteja anatumiwa picha yenye jina lake na tarehe yake, imeandikwa "imethibitishwa", anatuma pesa, na uwanjani anaambiwa hayumo.

Basi ukiwa na safari ya ndege moja, ikate mwenyewe kwa shirika lenyewe. Ukiwa na viza, mizigo, wazee au kuunganisha ndege, tafuta wakala mwenye leseni na umlipe ada yake bila kinyongo. Na kwa shirika lolote kubwa la kimataifa, kabla hujaachana na aliyekuuzia, mwombe namba ya tiketi. Ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika: 706 Kenya Airways, 071 Ethiopian, 176 Emirates. Iingize kwenye tovuti ya shirika ukiwa bado umekaa mbele yake.